Urari Uliolingana na Mwanafunzi Aliyeondoka

Mwanafunzi aliyenifanya nilifikirie jambo hili kwa uzito hakuwa dhaifu darasani. Alikuwa mwaka wa pili, alama zake katika uhasibu wa fedha zilikuwa za juu kuliko za wenzake wote, na siku aliyokuja ofisini kwangu alikuwa ameshika fomu ya kubadili masomo, imejazwa kila sehemu isipokuwa pale panapotakiwa saini ya mwalimu. Nilimwuliza ni kitu gani kilichomshinda. Akanijibu kwa adabu, macho yake yakiwa kwenye fomu: "Hakuna kilichonishinda, mwalimu. Ila tangu nianze, kila swali nililopewa lina jibu lake nyuma ya kitabu. Nikishalipata jibu, sioni mhasibu anabakiwa na kazi gani." Nilitafuta la kumjibu, nikalikosa. Nikasaini, akaaga, akaenda zake kwenye uchumi, na nasikia huko alifanya vizuri sana.

Nimekaa na maneno yake kwa miaka. Kabla ya kufundisha nilikuwa mkaguzi wa hesabu, kwa hiyo nilijua vyema kazi inaanzia wapi baada ya jibu kupatikana. Kilichoniuma ni kwamba mwanafunzi bora niliyekuwa naye alikaa darasani kwangu miezi mingi bila kuiona kazi hiyo hata mara moja. Tangu hapo nimekuwa nikiwasikiliza wanafunzi kwa makini zaidi kila wanapoizungumzia taaluma hii, na ninayoyasikia hayalingani na yale tunayoambiana sisi walimu na wahasibu tunapokutana.

Sisi huambiana kwamba vijana hawautaki uhasibu kwa sababu unachosha na una hesabu nyingi, na kwamba siku hizi kila mtu anataka kazi inayoonekana. Maelezo hayo yanatupendeza kwa kuwa yanaliweka kosa lote upande wa vijana. Ninavyoona mimi, wengi wao hawajaukataa uhasibu, maana hawajapata kuuona. Wanachokikataa ni picha waliyokuja nayo kutoka nyumbani na mitaani, na kozi yetu ya kwanza, ambayo ingepaswa kuisahihisha picha hiyo, huigongomea misumari.

Waombe wanafunzi wapya wakueleze mhasibu ni mtu wa namna gani, nao watakwambia kwamba ni mtu makini, mkimya, mwaminifu, anayefuata taratibu, anayekaa na namba kuliko anavyokaa na watu. Hakuna tusi hata moja katika maneno hayo. Ajabu ni kwamba waliochagua uhasibu na walioukimbia huyatumia maneno yale yale. Aliyeukimbia anasema hawezi kuishi maisha ya namna hiyo. Aliyeuchagua anasema yuko tayari kuyaishi, kwa sababu kila taasisi inahitaji mhasibu na yeye anataka kazi ya uhakika. Kwa hiyo tunapowapima wanafunzi na kusema kwamba hawa wana mtazamo mzuri na wale wana mtazamo mbaya, huenda tunapima jambo jingine kabisa, yaani nani anaweza kuvumilia na nani hawezi. Kwa mwalimu, mwanafunzi aliyekuja kuvumilia hana budi kumpa wasiwasi kama yule aliyeondoka, kwa sababu siku atakapopata kazi nyingine yenye uhakika uleule hatakuwa na sababu ya kubaki.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa jamii Icek Ajzen alieleza kwamba nia ya mtu kufanya jambo hutokana na mambo matatu: jinsi yeye mwenyewe anavyolitazama jambo hilo, jinsi anavyodhani watu wa maana kwake wangependa afanye, na jinsi anavyojiona kuwa na uwezo wa kulifanya. Mwaka 1993 watafiti Jeffrey Cohen na Dennis Hanno waliitumia nadharia hiyo kuwachunguza wanafunzi wa Marekani wanavyochagua au kuukwepa uhasibu, na miongoni mwa yaliyojitokeza ni kwamba walioukwepa waliuona kuwa wa kuchosha na wenye namba kupita kiasi. Miongo mitatu baadaye nasikia maneno hayo hayo, jambo linalonionyesha kwamba hatujashughulika vya kutosha na chanzo chake.

Katika hayo matatu, la watu wa maana ndilo ambalo mwalimu ana uwezo mdogo nalo kuliko yote. Wako wanafunzi waliochaguliwa uhasibu na mzazi, na wako waliokatazwa na mzazi, na wote wawili nimewaona wakifaulu na wote wawili nimewaona wakitaabika. Sina la kuongeza hapo.

La uwezo, hata hivyo, linahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo uvumi umewadhulumu vijana wengi. Hesabu zinazotumika katika kozi ya kwanza ya uhasibu ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na asilimia, na hakuna aliyefika chuo kikuu asiyeziweza. Kinachowashinda wanafunzi ni lugha. Maneno debiti na krediti, yaani upande wa kushoto na upande wa kulia wa akaunti, yanaingia darasani yakiwa tayari yamebeba maana kutoka kwingine, na mwalimu asipozivua maana hizo kwanza, mwanafunzi hujenga juu ya msingi uliopinda. Mfano unaonijia kila mwaka ni wa benki. Mwanafunzi anajua kwamba fedha zikiingia, benki humwarifu kuwa akaunti yake imewekewa krediti. Anafika darasani, mwalimu anamwambia kwamba fedha zikiingia anapaswa kuandika debiti. Anahitimisha kwamba ama benki imekosea, ama mwalimu amekosea, ama yeye hana akili ya uhasibu, na kwa kuwa ni mnyenyekevu anachagua hili la tatu.

Hakuna aliyekosea. Benki inaandika katika daftari lake yenyewe, na katika daftari la benki fedha za mteja ni deni ambalo benki inadaiwa na mteja huyo. Deni likiongezeka, linaandikwa upande wa krediti. Mteja naye, akiandika katika daftari lake, anaandika mali iliyoongezeka, na mali ikiongezeka huandikwa upande wa debiti. Tukio ni moja, walioandika ni wawili, na kila mmoja amesimama upande wake. Siku mwanafunzi anapolielewa hilo uso wake hubadilika, kwa sababu ametambua kwamba daftari lina mwenyewe, na kwamba swali la kwanza la mhasibu ni kujua anaandika kwa niaba ya nani. Nimeona wanafunzi waliojiita wajinga wa hesabu wakisimama ubaoni baada ya somo hilo na kuwaeleza wenzao bila kusitasita.

Sasa niingie kwenye urari wenyewe. Urari ni orodha ya salio za akaunti zote za leja (daftari kuu la hesabu), za debiti upande mmoja na za krediti upande wa pili, na jumla za pande hizo mbili lazima zilingane. Katika kozi ya kwanza urari ndio kilele. Mwanafunzi anapewa miamala kumi na mitano iliyokwisha kuandikwa kwa sentensi safi, anaipeleka kwenye leja, anatafuta salio, anajumlisha, na zikilingana anashusha pumzi. Nimesimama kwenye vyumba vya mitihani nikaona jinsi mabega yanavyoshuka wakati huo. Tunamfundisha kijana, kwa mwili wake wote, kwamba namba zikilingana kazi imekwisha.

Lakini kila kitabu cha uhasibu kinakiri, kwa kawaida katika sura inayofundishwa harakaharaka mwishoni mwa muhula, kwamba yako makosa ambayo urari hauyaoni. Muamala ulioachwa kabisa hauonekani. Kiasi kilichokosewa sawasawa pande zote mbili hakionekani. Malipo yaliyoandikwa kwenye akaunti isiyo yake hayaonekani, wala makosa mawili yanayofidiana. Urari unashuhudia jambo moja tu, kwamba kila kilichoandikwa upande mmoja kiliandikwa na upande wa pili. Kama kilichoandikwa kilitokea kweli, hilo haulijui.

Ninaposema sura hiyo ingepaswa kuwa mlango wa kuingilia na si kiambatisho, huwa nawatolea wanafunzi mfano wa WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani. Kampuni hiyo ilikuwa ikizilipa kampuni nyingine ili kupitisha mawasiliano ya wateja wake kwenye nyaya zao. Malipo ya namna hiyo ni matumizi ya kawaida ya mwaka, kama kodi ya pango. Mapato yalipoanza kuzorota, sehemu ya malipo hayo ilihamishwa kutoka kwenye matumizi ikaandikwa kama mali ya kudumu, kana kwamba kampuni ilikuwa imejenga mitambo. Matumizi yakapungua katika vitabu, faida ikaonekana kubwa. Mwezi Juni 2002 kampuni ilitangaza kwamba kiasi kilichohamishwa kilikuwa dola bilioni 3.8, mwezi uliofuata ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na mwishowe udanganyifu wote ulikadiriwa kufikia takriban dola bilioni 11.

Wanafunzi wakisikia bilioni 11 hudhani wanasikia jambo la kitaalamu mno lisilo la kimo chao. Ndipo ninapoandika ubaoni ingizo lenyewe: debiti mali ya kudumu, krediti matumizi. Mistari miwili. Tofauti kati ya matumizi na mali wameisoma wiki ya tatu. Kisha nawauliza kama urari wa kampuni hiyo ulilingana, na darasa hunyamaza, kwa sababu wanaona wenyewe kwamba ulilingana tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyeligundua jambo hilo ni Cynthia Cooper, mkuu wa ukaguzi wa ndani, pamoja na timu yake ndogo, ambao walifanya sehemu ya uchunguzi wao usiku ili wasijulikane. Walifuata maingizo makubwa yasiyokuwa na nyaraka za kuyaunga mkono, wakauliza nani aliyaidhinisha na kwa msingi gani, na hawakukubali majibu ya kuahirishwa. Katika kazi yao hapakuwa na hesabu ngumu kuliko zile za mtihani wangu wa muhula wa kwanza.

Mimi mwenyewe sikujifunza hili kitabuni. Mwaka wangu wa kwanza katika ukaguzi nilitumwa ghalani kushuhudia uhesabuji wa bidhaa mwishoni mwa mwaka. Masanduku yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, nami nikahesabu kama nilivyofundishwa: manane kwenda upande, sita kwenda ndani, matano kwenda juu. Nikazidisha, nikapata 240. Orodha ya ghala ilisema 240. Nikatia alama ya vema nikasogea mbele. Msimamizi wangu, mama mmoja wa maneno machache, aliniuliza kama nimeyaona ya katikati. Nikamwambia hesabu imelingana. Akaomba ngazi, akaomba na vijana wawili wa ghala waanze kushusha masanduku ya juu. Chini ya safu ya juu palikuwa na mbao, na chini ya mbao palikuwa na nafasi tupu. Masanduku yalijengwa kama kuta nne za chumba. Tulipoyahesabu moja moja yalikuwa 144.

Hakunigombeza. Aliniambia nivute kiti niandike nilichokiona, kwa mpangilio niliokiona, na nisiandike neno "wizi" kwa sababu hilo sijaliona. Nilikaa katikati ya ghala lile nikiandika, na nadhani hiyo ndiyo saa niliyokuwa mhasibu. Nilitambua kwamba namba 240 niliyoipata haikuwa na kosa lolote la hesabu, na kwamba ilikuwa uongo, na kwamba kuna mtu mahali fulani, mkopeshaji au mwenye hisa asiyeweza kuingia ghalani, ambaye angeiamini kwa sababu nimeitia alama mimi.

Methali yetu inasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeizoea kiasi kwamba hatuisikii tena. Lakini uzito wake wote uko kwenye neno la mwisho. Haisemi kwamba mali yenye daftari haipotei. Inasema kwamba daftari huleta habari, yaani kilichopotea kijulikane kuwa kimepotea. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia ambaye kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1494 kilieneza namna ya kuweka hesabu kwa maingizo mawili, hamwanzishi mfanyabiashara kwa debiti na krediti. Anamwanzisha kwa kuorodhesha kila alicho nacho, mali na madeni, kitu kwa kitu, kabla ya kufungua leja. Kwanza ukaone, ndipo uandike. Sisi tumeligeuza: tunaanza na kuandika, na kuona tunawaachia waajiri watawafundisha.

Baada ya mwanafunzi yule kuondoka, ilinichukua muda kukubali kubadili chochote, kwa sababu mtaala ni mzito na mitihani ya bodi za kitaaluma inasubiri mbele. Nilichofanya hatimaye ni kidogo. Nilitengeneza sanduku la karatasi za biashara ya kubuni: ankara, risiti, vocha za malipo, taarifa za benki, hati za kupokelea bidhaa na barua chache. Hakuna sentensi iliyoandikwa "Tarehe 3, alinunua bidhaa kwa mkopo". Wanafunzi wanakaa makundi ya watu wanne na kuambiwa waeleze, kutokana na karatasi hizo tu, nini kilitokea katika biashara hii ndani ya nusu mwaka. Urari ninawapa mimi, umekwisha kutengenezwa, na unalingana.

Wiki ya kwanza hulalamika. Wanasema maelekezo hayatoshi, na wako wanaoniandikia kwa heshima kuniuliza jibu linatakiwa kuwa kurasa ngapi. Wiki ya pili hunyamaza. Wiki ya tatu huanza kubishana wao kwa wao, na ninapopita kati ya meza nasikia maneno ambayo sikuwahi kuyasikia katika kozi ile miaka yote ya nyuma: "Hii hati nani alisaini?" "Mbona bidhaa zilipokelewa kabla ya kuagizwa?" Si wote wanaopenda. Wako wanaoniambia waziwazi kwamba afadhali leja, kwa sababu leja ina mwisho, nami nawaheshimu kwa kusema hivyo. Sasa angalau wanakataa kazi waliyoiona.

Hofu kubwa niliyoikuta kwa wanafunzi wa miaka ya karibuni ni ya mashine. Wanauliza kwa nini wasomee kazi itakayofanywa na kompyuta, na swali lao lina msingi. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Carl Frey na Michael Osborne, walikadiria uwezekano wa kazi mbalimbali kufanywa na mashine, na kazi ya wahasibu na wakaguzi waliipa uwezekano wa asilimia 94. Namba hiyo imezunguka vyuoni kuliko maelezo yaliyoambatana nayo. Siwadanganyi wanafunzi kwamba haitawagusa. Kazi ya kunakili ankara kuingiza kwenye mfumo inakwisha, na aliyejiandaa kwa kazi hiyo peke yake ana haki ya kuogopa.

Ila nawakumbusha kwamba si mara ya kwanza. Mwaka 1978 Dan Bricklin, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akimtazama mwalimu akijaza jedwali ubaoni. Ikipatikana namba moja yenye kosa, mwalimu alilazimika kufuta na kuandika upya namba zote zilizoitegemea. Akawaza chombo ambacho kingezibadilisha zote chenyewe, na mwaka 1979 yeye na Bob Frankston wakatoa VisiCalc, programu ya kwanza ya lahajedwali kwa kompyuta ndogo. Kazi iliyomla mhasibu siku nzima ikawa ya dakika. Wahasibu hawakuketi bure. Kwa kuwa kukokotoa kulikuwa rahisi sasa, watu walianza kuuliza maswali ambayo zamani yalikuwa ghali mno kuulizwa: bei ikipanda itakuwaje, mkopo ukicheleweshwa mwaka mmoja itakuwaje. Aliyejua kuuliza alihitajika zaidi kuliko jana yake.

Na mashine ina upofu uleule wa urari. Mwezi Juni 2020 kampuni ya malipo ya Ujerumani iitwayo Wirecard ilikiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizokuwa zikionekana katika hesabu zake kama fedha zilizoko benki huenda hazikuwapo kamwe. Hakuna mfumo ambao ungeshindwa kuzijumlisha euro hizo. Kilichotakiwa ni mtu wa kwenda kwenye benki inayotajwa, kuuliza kwa njia yake mwenyewe na kusubiri jibu kutoka kwa benki hiyo moja kwa moja. Ni lile swali la masanduku ya katikati.

Lipo swali jingine ambalo wanafunzi huliuliza kwa sauti ya chini, kwa kawaida wakati wenzao wameshatoka. "Mwalimu, nikiambiwa na mkubwa wangu niandike kitu nisichokiamini, nitafanyaje?" Nimekuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa mtazamo hasi kuhusu taaluma hii ni hofu hii, iliyovikwa maneno mengine. Vijana hawa wamesikia juu ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001, na juu ya Arthur Andersen, kampuni ya ukaguzi iliyokuwa miongoni mwa tano kubwa duniani, ambayo ilitiwa hatiani mwezi Juni 2002 kwa kuzuia haki baada ya nyaraka za Enron kuharibiwa. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani iliitengua hukumu hiyo mwaka 2005, lakini wakati huo kampuni yenye wafanyakazi wapatao 85,000 ilikuwa imekwisha kusambaratika, na wengi mno kati yao hawakuwa wamewahi kugusa faili la Enron.

Kuwajibu kwa kuwasomea kanuni za maadili hakutoshi, ingawa ninawafundisha zote tano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu wa kitaalamu, kutunza siri, na mwenendo unaoistahi taaluma. Nawasimulia badala yake juu ya mhasibu wa ngazi ya kati wa WorldCom, mwanamke aliyeyafanya maingizo yale kwa maagizo ya wakubwa wake huku akijua si sahihi. Aliwaza kujiuzulu, akabaki, akaendelea robo mwaka baada ya robo mwaka, na mwaka 2005 akahukumiwa kifungo cha miezi mitano. Simsimulii ili wamhukumu. Nataka waone kwamba ingizo la kwanza ndilo lililokuwa jepesi kukataa, na kwamba lile la pili lilikuja likiwa na la kwanza mgongoni. Kisha tunafanya mambo ya kawaida kabisa: jinsi ya kuomba maagizo kwa maandishi, jinsi ya kueleza shaka bila kumtuhumu mtu, jinsi ya kutunza karatasi za kazi, na nani wa kumwendea pale msimamizi anapokuwa yeye ndiye tatizo. Wanafunzi huandika maelezo mengi kuliko katika mhadhara wowote mwingine.

Yako malalamiko ambayo darasa haliwezi kuyatibu. Msimu wa kufunga hesabu huwatoa watu nyumbani alfajiri na kuwarudisha usiku kwa wiki kadhaa mfululizo. Mitihani ya bodi huendelea miaka baada ya shahada, wakati marafiki waliosoma fani nyingine wameshaanza maisha. Nchini Marekani, kwa muda mrefu, aliyetaka leseni ya uhasibu alidaiwa saa 150 za masomo ya chuo ilhali shahada ya kawaida ina 120, na ni katika miaka ya karibuni tu ambapo majimbo kadhaa yameanza kufungua njia nyingine baada ya kuona idadi ya wanaojiunga ikishuka. Kijana anayeyapima haya na kuamua kwenda kwingine hana mtazamo mbaya. Amepiga hesabu zake. Wenye kampuni na bodi ndio wanaopaswa kubadilika hapo, na sioni haki yoyote katika kumtaka mwalimu wa mwaka wa kwanza aifunike hali hiyo kwa maneno matamu.

Muhula uliopita kundi moja lilibaki darasani baada ya kipindi. Walikuwa wametandaza juu ya meza ankara tatu za muuzaji mmoja, wakazipanga kwa tarehe. Ya kwanza ilikuwa ya mwezi wa kwanza, ya pili ya mwezi wa tatu, ya tatu ya mwezi wa tano. Zote zilikuwa na saini, muhuri, na kiasi kilichokuwa chini kidogo ya kile ambacho meneja angeweza kuidhinisha peke yake. Kijana ambaye hadi siku hiyo nilimjua kwa kukaa nyuma na kutosema neno aliweka kidole kwenye kona ya juu ya kila karatasi. Namba ya ankara ya kwanza ilikuwa 0117. Ya pili, 0118. Ya tatu, 0119.

"Mwalimu," akasema, "huyu muuzaji kwa miezi mitano hakumwuzia mtu mwingine yeyote?"

Nikamwuliza hilo linamaanisha nini. Hakukimbilia kujibu. Akazitazama tena, akawaangalia wenzake, akasema hajui bado, ila angependa kuona hati za kupokelea bidhaa hizo, na kama zipo, ankara za mwaka uliotangulia. Za mwaka uliotangulia sikuwa nimezitengeneza. Nilirudi ofisini jioni ile nikaanza kuziandika.